UZI: Tembe ya usingizi ni dawa au ni chakula? Na ikidanganya, nani anajibu?

1/ Kila mjadala wa dawa na vijana ukianza huku kwetu, kuna mmoja atasema "tembe za usingizi zipigwe marufuku", na mwingine atamjibu "Marekani zinauzwa supamaketi, nyinyi mnaogopa nini?" Halafu ni kelele mpaka asubuhi. Leo tutulie, tuzichambue hoja moja moja. Kawaida ya hapa mnaijua: hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama. Tunataja hoja, sheria na namba. Twende.

2/ Tembe yenyewe inaitwa melatonini. Wengi wanaijua kwa chupa: ile aliyoleta shangazi kutoka Marekani, ile iliyoachwa na baharia, au ile iliyoagizwa mtandaoni ikaletwa na bodaboda mpaka mlangoni. Juu ya chupa kuna namba: 3, 5 au 10. Ni miligramu hizo. Swali la uzi huu ni moja tu: hiyo namba nani ameihakikisha?

3/ Mbona tunaanzia Mtongwe? Kwa sababu huku usingizi ni suala la kazi. Saa kumi alfajiri watu wako njiani tayari: wa bandarini, wa viwanda vya Changamwe, wapishi wa hoteli za Diani. Wengine ndio wanarudi: mabawabu, manesi, makuli wa shifti ya usiku. Bandari ya Kilindini hailali. Aliyetoka kazini usiku anafika nyumbani jua limepanda, bati limeshika moto, jirani amefungua redio. Huyo ndiye mnunuzi wa tembe. Si mhuni. Ni mtu amechoka.

4/ Sasa tujue kitu chenyewe. Melatonini si kitu kigeni mwilini. Ni homoni inayotengenezwa na tezi ndogo iliyo ndani kabisa ya ubongo, tezi ya pinea. Giza likiingia inapanda, mwanga ukirudi inashuka. Kazi yake ni kuupa mwili habari kwamba usiku umefika. Haikupigi rungu ukaanguka. Ni kama muadhini: anatangaza wakati, lakini hakubebi mgongoni mpaka msikitini.

5/ Iligunduliwa 1958 na Aaron Lerner wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Huyu alikuwa daktari wa ngozi. Alikuwa anatafuta kitu kinachobadilisha rangi ya ngozi, akaichuja kutoka kwenye tezi za ng'ombe. Mambo ya usingizi yalikuja baadaye. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "hii ni dawa ya asili, babu zetu walikuwa nayo", ni kweli walikuwa nayo, lakini kichwani, si kwenye chupa.

6/ HOJA YA KWANZA: "Marekani inauzwa kama njugu, kwa hiyo ni salama."

Hapa ndipo watu wengi wanateleza. Ni kweli inauzwa rafuni, karibu na vitamini. Lakini sababu yake ni sheria, haikutokana na maabara kuithibitisha. Mwaka 1994 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya virutubisho vya nyongeza. Melatonini ikaangukia kwenye fungu hilo, ikahesabika upande wa vyakula badala ya dawa.

7/ Maana yake ni nini kwa mnunuzi? Dawa ya kawaida kule lazima kampuni ithibitishe kwa shirika la serikali, FDA, kwamba inafanya kazi na ni salama, ndipo iuzwe. Kirutubisho hakipitii mlango huo. Kampuni inauza kwanza, na serikali inaingia zaidi baada ya malalamiko. Kwa hiyo "inauzwa wazi Marekani" haimaanishi "imepimwa na kupasishwa Marekani". Ni vitu viwili tofauti kabisa.

8/ Na matokeo yake yameshapimwa. Mwaka 2017 watafiti wa Canada walinunua bidhaa 31 za melatonini madukani, wakazipeleka maabara. Asilimia 71 hazikukaribia namba ya lebo, hata ukiziruhusu zipungue au zizidi kwa asilimia 10. Moja ilikuwa na upungufu wa asilimia 83. Nyingine ilizidi kwa asilimia 478. Hiyo iliyozidi ilikuwa tembe ya kutafuna: lebo ilisema 1.5, ndani mlikuwa na karibu 9.

9/ Tulia hapo kidogo. Tembe ya kutafuna ndiyo inayopendwa kwa watoto. Mzazi anadhani anampa mwanawe moja na nusu, kumbe anampa tisa. Halafu katika bidhaa hizo 31, robo hivi (asilimia 26) zilikutwa na serotonini ndani yake, kemikali nyingine kabisa ambayo haikuandikwa popote kwenye lebo, na ambayo kwa mtu anayetumia dawa fulani za akili inaweza kumletea matatizo.

10/ Mwaka 2023 watafiti wengine, safari hii Marekani kwenyewe, walipima peremende laini za melatonini, zile za kutafuna kama jeli. Walichukua aina 25. Ishirini na mbili lebo zake hazikuwa sahihi. Moja haikuwa na melatonini hata chembe. Iliyokuwamo ni CBD, kemikali inayotoka kwenye mmea wa bangi. Fikiria umembebea mtu chupa hiyo kwenye begi lako, ukafika kwenye uwanja wa ndege wa nchi isiyo na mzaha.

11/ Na watoto je? Vituo vya sumu vya Marekani vilirekodi watoto 8,337 waliomeza melatonini mwaka 2012. Mwaka 2021 idadi ikafika 52,563. Tuwe wakweli: wengi wao hawakuonyesha dalili yoyote. Lakini wapo waliolazwa, na wawili walifariki. Peremende tamu, ndani ya nyumba, kifuniko chepesi. Hiyo hadithi haihitaji pasipoti ili ifike Likoni.

12/ HOJA YA PILI: "Uingereza huipati bila daktari, kwa hiyo ni sumu."

Hii nayo imepinda, ila upande wa pili. Uingereza melatonini ni dawa ya kuandikiwa na daktari. Mwaka 2007 wadhibiti wa Ulaya walipasisha tembe ya miligramu 2 inayoyeyuka polepole, kwa watu wa miaka 55 na kuendelea, kwa muda usiozidi wiki 13. Mwaka 2018 wakapasisha nyingine kwa watoto wenye usonji wanaoshindwa kulala. Sumu haipewi watoto wenye usonji.

13/ Sasa angalia dunia ilivyo, kitu ni kile kile:

Marekani: kirutubisho, rafuni, mpaka miligramu 10 na zaidi.
Canada: bidhaa ya asili, bila daktari, lakini inahitaji leseni.
Italia: kirutubisho, mwisho miligramu 1.
Ufaransa: kirutubisho kikiwa chini ya miligramu 2.
Uingereza: karatasi ya daktari.
Australia: karatasi ya daktari, ila tangu Juni 2021 mwenye miaka 55 na zaidi anaweza kupewa ya miligramu 2 na mfamasia.
Japani: haiuzwi rafuni. Mwaka 2020 ilipasishwa kama dawa ya watoto wenye matatizo ya ukuaji wa ubongo.

14/ Umeona? Mwili wa Mwitaliano na wa Mmarekani haupishani mara kumi. Kinachopishana ni swali ambalo sheria inauliza. Marekani inauliza: "Imo kwenye fungu la virutubisho?" Ikiwa imo, uza. Uingereza inauliza: "Inabadilisha namna mwili unavyofanya kazi?" Ikiwa ndiyo, basi ni dawa, lete ushahidi. Italia na Ufaransa zinauliza: "Kiasi gani?"

Kwa hiyo anayekuambia "nchi zilizoendelea zimeamua" mwulize: zipi, na zimeamua nini?

15/ HOJA YA TATU: "Ya 10 ndiyo kazi, ya 1 ni ya kitoto."

Hii si hoja ya wanasiasa, ni ya dukani, lakini ndiyo inayoumiza watu wengi zaidi. Mwaka 2001 watafiti wa MIT walichapisha jaribio kwa watu wa zaidi ya miaka 50 wenye shida ya usingizi. Walilinganisha 0.1, 0.3 na 3. Iliyofanya vizuri zaidi ni 0.3. Ya 3 iliwashusha joto la mwili, na homoni ikabaki kwenye damu mpaka mchana.

16/ Piga hesabu. Chupa ya 10 ni zaidi ya mara 33 ya hiyo 0.3. Ndiyo maana mtu anakuambia "niliimeza, nikaamka kichwa kizito kama nimebebeshwa gunia". Mwili umeambiwa ni usiku, na bado unaambiwa ni usiku, wakati yeye yuko juu ya pikipiki barabarani. Utafiti mwingine, wa watu wanaosafiri kwa ndege masafa marefu, ulionyesha kwamba ukipita miligramu 5 huongezi faida yoyote.

17/ Na faida yenyewe ni ya kiasi gani? Mwaka 2013 tafiti nyingi ziliunganishwa zikapigwa hesabu pamoja: mtu alipata usingizi mapema kwa dakika 7, akalala zaidi kwa dakika 8. Kwa wafanyakazi wa zamu za usiku, mapitio ya 2014 yalikuta wanalala mchana zaidi kwa dakika 24 hivi, na ushahidi wenyewe haukuwa imara. Dakika 24 si bure. Lakini si muujiza, na si kitu cha kumfanya mtu auze simu anunue chupa.

18/ Halafu wale wa "nimerudi Ghuba, bado saa za kule zimenishika". Wapendwa, Saudia na Qatar saa zao ni zetu zile zile. Dubai ni saa moja tu mbele. Hapo huna shida ya saa, una uchovu wa kazi na wa safari. Melatonini inamfaa anayevuka saa nyingi, kwa mfano anayetoka Mombasa kwenda Marekani. Na kwa wanaoelekea Ghuba: usibebe dawa ya usingizi ya aina yoyote kabla ya kuuliza. Emirati, kwa mfano, zina orodha ya dawa zinazotaka kibali mapema, na "sikujua" haikusaidii pale.

19/ HOJA YA NNE: "Ni bugizi tu hiyo, ipigwe marufuku."

Hapa Pwani tumezika vijana, kwa hiyo hasira hii ina msingi. Lakini tusichanganye mafaili. Bugizi ni dawa za kundi la diazepamu na flunitrazepamu. Hizo zinazimisha ubongo kweli, zinaleta uraibu, na ndizo watu wanazotiliwa kwenye vinywaji ili waibiwe. Ziko kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa ya 1971, na Kenya ina sheria yake ya 1994 ya dawa za kulevya. Melatonini haimo kwenye orodha ile ya kimataifa.

20/ Tofauti hii ina kazi. Ukiweka tembe mbili tofauti kwenye kapu moja, unafanya makosa mawili kwa mpigo. La kwanza: askari atakimbizana na mama aliyeletewa chupa na mwanawe, huku muuza bugizi akipita pembeni. La pili ni baya zaidi: kijana akigundua kwamba melatonini si kitu cha kutisha kama alivyoambiwa, atafikiri na bugizi nayo walidanganya.

21/ Na marufuku inafanya nini sokoni? Haiondoi asiyelala. Inaondoa mfamasia. Mnunuzi atahamia kwa yule anayeuza kwa ujumbe wa simu, asiye na jina wala duka, na hapo lebo ya chupa inakuwa hadithi tupu. Tatizo lililoonekana Marekani na Canada ni kwamba namba iliyo nje hailingani na kilichomo. Marufuku haitibu hilo. Inalificha.

22/ HOJA YA TANO: "Kaunti ifunge makemisti yote yanayouza."

Twende kwenye Katiba ya 2010, Jedwali la Nne. Kaunti imepewa vituo vya afya vya kaunti na maduka ya dawa. Sera ya afya ni ya serikali ya kitaifa. Lakini nani awe mfamasia, dawa gani isajiliwe, hayo yako chini ya Sheria ya Famasia na Sumu, Sura ya 244, na Bodi ya Famasia na Sumu. Ubora wa bidhaa za kawaida, vikiwemo vyakula, uko kwa KEBS. Kwa hiyo mgombea wa kaunti akiahidi "nitaipiga marufuku melatonini", anaahidi kitu ambacho hakimo mfukoni mwake.

23/ Sasa unaona ufa ulipo? Ikiwa chupa ni dawa, twende kwa Bodi. Ikiwa ni chakula, twende KEBS. Ikiwa imeandikwa "kirutubisho" na imeingia ndani ya begi au kifurushi cha mtandaoni, kila ofisi inaweza kukuambia nenda dirisha lile pale. Mwananchi anazungushwa, chupa inauzwa.

24/ Majirani nao wamekutana na ufa huu. Tanzania Bara, mpaka 2019, shirika moja lilisimamia chakula na dawa: TFDA. Mwaka huo chakula kikahamishiwa TBS, na TFDA ikawa TMDA, ya dawa na vifaa tiba. Zanzibar wao wana ZFDA, chakula na dawa chini ya paa moja. Kila mpango una wanaoutetea. Ila kitu kama melatonini kinasimama kizingitini: mguu mmoja ndani kwa dawa, mmoja nje kwa chakula. Ukigawa nyumba, lazima useme kizingiti ni cha nani.

25/ Na Kenya hatuanzi mikono mitupu. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki nne: bidhaa ya ubora unaofaa, habari anazohitaji ili anufaike na bidhaa hiyo, kulindwa afya na usalama wake, na fidia akiumizwa na bidhaa mbovu. Soma tena ile ya pili. Lebo inayosema 3 na ndani mna 9 imekunyima habari. Huhitaji sheria mpya kulalamika juu ya hilo. Unahitaji ofisi itakayopima.

26/ Sisi wa Mtongwe hatuhitaji kufundishwa maana ya usimamizi. Tarehe 29 Aprili 1994 feri iliyojaa kupita kiasi ilizama hapa kwetu, na watu wapatao 270 wakafa, wengi wakiwa njiani kwenda kazini. Feri haikuwa haramu. Kuvuka hakukuwa kosa. Kilichokosekana ni mtu wa kusimama langoni na kusema "imetosha". Chupa ya tembe si feri, na sifananishi misiba. Nasema tu kanuni ni moja: kiwango kisichosimamiwa hakimlindi mtu.

27/ HOJA AMBAYO HAKUNA ANAYEITOA: kwa nini watu hawalali?

Hii ndiyo ningependa muende nayo kwenye mkutano wowote wa kampeni. Kanuni ya jumla ya mishahara ya Kenya inaweka wiki ya kazi ya kawaida isiyozidi saa 52 kwa siku sita. Sawa. Lakini mfanyakazi wa usiku, kanuni hiyo hiyo inamruhusu mpaka saa 60 kwa wiki. Soma tena. Anayefanya kazi wakati mwili unataka kulala ndiye aliyewekewa saa nyingi zaidi. Ziko sekta zenye kanuni zao, lakini huo ndio msingi.

28/ Saa nane kwa wiki. Hiyo ndiyo tofauti kati ya 52 na 60. Ni dakika 480. Linganisha na zile dakika 24 za tembe kwa kila mchana unaolala: ukilala michana sita, ni dakika 144. Hesabu hii mtoto wa darasa la tano anaiweza. Mwanasiasa anayebishana kuhusu chupa bila kugusa saa za kazi anabishana kuhusu kijiko wakati sufuria inavuja.

29/ Na kuna mengine: bati bila dari, taa kali nje ya dirisha, kelele za usiku kucha, na simu usoni mpaka saa saba, ambayo mwanga wake unaizuia melatonini yako mwenyewe isipande. Kuna pia maumivu, msongo wa mawazo, na kukoroma kwa kukatika pumzi. Haya tembe haiyatibu. Mwaka 2017 madaktari wa usingizi wa Marekani, nchi ile ile inayoiuza rafuni, walishauri isitumiwe kutibu ukosefu wa usingizi wa muda mrefu. Tiba inayopewa nafasi ya kwanza ni ya mazungumzo na kubadili mazoea.

30/ KWA ANAYEITUMIA TAYARI. Sikutishi, nakwambia tu:

- Mwonyeshe mfamasia chupa. Uliza kama imesajiliwa hapa.
- Kipimo kidogo kwanza. Namba kubwa si ushujaa.
- Usiendeshe pikipiki, gari wala mashine ukishaimeza.
- Ukiwa mjamzito, unanyonyesha, una kifafa, au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarini, zungumza na daktari kwanza.
- Mtoto asipewe kwa ushauri wa mtandaoni. Na chupa ikae juu, pasipofikika.
- Ukikosa usingizi wiki tatu mfululizo, hiyo si kazi ya tembe. Nenda kituo cha afya.

31/ KWA MPIGA KURA. Atakayekuja kuomba kura yako, mwulize haya manne, kisha nyamaza umsikilize:

a) Tembe na virutubisho vinavyoingia kwa vifurushi vya mtandaoni, ofisi gani itavipima, na majibu ya maabara tutayasoma wapi?
b) Je, utaunga mkono kiwango cha juu cha miligramu bila daktari, kama walivyofanya Italia na Ufaransa, na kifuniko ambacho mtoto hafungui?
c) Saa 60 za mfanyakazi wa usiku, utazigusa au hutazigusa?
d) Mtu wa Mtongwe asiyelala, kwenye zahanati yetu amwone nani?

32/ Akikujibu kwa kelele za "marufuku" au "uhuru", jua hajasoma. Maneno hayo mawili yanapiga makofi mkutanini lakini hayafungui chupa kuangalia mna nini. Nchi moja imesema ni chakula, nyingine imesema ni dawa, na zote zinaishi. Isiyowezekana ni ya tatu: isiwe chakula, isiwe dawa, isiwe ya mtu yeyote, na bado iuzwe.

33/ Mwisho wa uzi. Kama una bawabu, nesi, baharia au mpishi wa usiku kwenye simu yako, mtumie namba 27 na 30. Kama wewe ni mfamasia au unafanya kazi kwenye ofisi nilizozitaja, karibu uongeze au urekebishe, kwa hoja na kwa heshima. Wa matusi mnajua mlango ulipo. Wiki ijayo: kwa nini ushuru wa feri, barabara na daraja unachanganywa kila kampeni, na ni upi hasa ulio wa nani. Lala salama, ukiweza. Na ukishindwa, zima simu kwanza.